Jiko na Meza Chini ya Paa Moja

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa akina mama, waume zao na mafundi wa kujenga. Yachapishwa hapa kwa sababu wengi waliohudhuria waliomba kuyapata kwa maandishi.)



Kazi yangu ya kila siku ni kufasiri, yaani kuyatoa maneno katika lugha moja na kuyatia katika lugha nyingine. Mimi si fundi wa kujenga, wala si mpishi. Basi mtu aweza kuuliza, mfasiri ana neno gani la kutuambia juu ya jiko? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni hili: nimekuja kuwaeleza kosa nililolifanya mwenyewe kwa kalamu na karatasi, na jinsi lilivyorekebishwa, ili yeyote kati yenu atakaye kujenga asilirudie.

Habari yenyewe ni ya chumba kimoja chenye kazi mbili, kupika na kula. Watu wengi siku hizi wapenda chumba cha namna hii. Mawe, mabati na saruji ni vitu vya gharama, na chumba kimoja kikubwa huhitaji vitu hivyo kidogo kuliko vyumba viwili vidogo, maana ukuta wa katikati haupo. Tena iko sababu nyingine iliyo bora kuliko fedha. Zamani watoto walikaa kando ya moto wa mama yao wakati chakula kilipokuwa kikiiva, wakisikiliza hadithi na kutegeana vitendawili. Nyumba za vyumba vingi ziliwatenga watu: mama jikoni peke yake na moshi wake, baba sebuleni na wageni wake, watoto huku na huku. Chumba kimoja cha kupikia na kulia chaweza kuwarudisha pamoja. Lakini kikipangwa vibaya, huwarudisha watoto kwenye hatari.

KALAMU ISIYOULIZA

Ndugu yangu mkubwa alipotaka kujenga nyumba ya mawe aliniita, akasema, "Wewe umesoma, tuchoree ramani." Nilifurahi sana kwa heshima ile. Nikachukua rula na penseli, nikachora nyumba yenye kuta zilizonyoka na madirisha yaliyolingana. Chumba cha kupikia na kulia nikakiweka nyuma. Mlango wa uani niliuchora katikati ya ukuta mmoja mrefu, na mlango wa kwenda sebuleni nikauchora katikati ya ukuta wa pili, ukiukabili ule wa kwanza, kwa kuwa katika karatasi milango miwili inayotazamana hupendeza macho. Jiko likawa upande mmoja wa njia ile, meza upande wa pili. Nikahesabu viti, nikaona ni vinane, vyatosha. Fundi akaisifu ramani. Ndugu yangu akaisifu. Shemeji yangu, ambaye ndiye angesimama katika chumba kile asubuhi na jioni, hapana aliyemwuliza.

Nyumba ikaisha, tukala karamu. Mwezi wa tatu baada ya hapo nilikwenda kuwatembelea. Ilikuwa jioni. Shemeji aliepua sufuria ya maharagwe yaliyokuwa yakitokota, akageuka ili aipeleke mezani. Wakati uo huo mtoto wao wa miaka minne alisikia sauti yangu nikipiga hodi mbele ya nyumba, akaingia mbio kutoka uani akiita, "Baba mdogo amekuja!" Alipita katika njia ile ile niliyomchorea mimi. Wakakutana katikati ya chumba. Mchuzi wa maharagwe ukammwagikia mguuni, kuanzia gotini hata kwenye unyayo.

Jirani mmoja alijua la kufanya. Hakupaka mafuta wala unga, kama wengine walivyokuwa wakipiga kelele afanye. Alimimina maji safi ya baridi juu ya mguu ule, polepole, kwa muda wa dakika 20, kisha akaufunika kwa kitambaa safi, tukampeleka mtoto hospitalini. Kumbukeni neno hilo, maana laweza kuwafaa hata wale wasiojenga. Mtoto alipona, na leo anacheza mpira pamoja na wenzake. Lakini kovu halikuondoka, na kila avaapo kaptura mimi naliona.

Siku ya pili nilimwomba shemeji radhi. Hakunikemea. Alisema tu, "Shemeji, ulihesabu viti. Hukuzihesabu hatua zangu." Wazee walisema ya kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimetandika kitanda ambacho nisingekilalia hata usiku mmoja.

PUNJE ZA MAHINDI

Basi tukaamua kuzihesabu. Tuliweka bakuli dirishani na kikapu cha punje za mahindi kando yake. Wakati wa kupika chakula cha jioni niliketi hapo, na kila mara shemeji alipoikata ile njia iliyo baina ya milango miwili, nilitia punje moja katika bakuli. Chakula kilipokwisha kuliwa na vyombo kuoshwa, tulizimwaga punje mezani tukazihesabu pamoja na ndugu yangu. Zilikuwa 47. Yaani mara 47, jioni moja, mama yule aliivuka njia ya watu wote waingiao na kutoka, na mara nyingi mkononi alikuwa na kitu cha moto, au kisu, au ndoo iliyojaa.

Maji yalikuwa karibu na meza, kwa kuwa huko ndiko nilikoona nafasi. Unga ulikuwa katika kabati kando ya mlango wa sebuleni. Moto ulikuwa upande wa pili. Kwa hiyo kupika ugali mmoja kulikuwa safari. Ndugu yangu alizitazama punje zile kwa kitambo, kisha akasema, "Ukuta utavunjwa." Aliuza mtamba ili apate ujira wa fundi. Mlango mmoja ukazibwa, mwingine ukatobolewa mahali pengine, na maji yakahamishwa. Baada ya hayo tulihesabu tena kwa njia ile ile. Punje zilikuwa 6.

Mlango uliochorwa kwa majivu juu ya ardhi hufutwa kwa mguu. Mlango uliojengwa kwa mawe hufutwa kwa mtamba. Hili ndilo neno langu kubwa leo, na mengine yote nitakayosema yalifuata hilo.

WENGINE WALIOHESABU HATUA

Msidhani kwamba sisi tu ndio tuliopata taabu hii. Mwaka 1926, katika mji wa Frankfurt huko Ujerumani, mji ulikuwa ukijenga nyumba nyingi za watu wa kipato kidogo. Mkuu wa kazi ile alikuwa Ernst May. Aliajiri mwanamke mmoja kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, mmoja wa wanawake wa kwanza wa nchi ile kusomea kazi ya kuchora majengo, apange jiko la nyumba hizo. Yeye alichukua saa, akapima muda wa kila kazi ya jikoni, na kuzihesabu hatua. Alitazama pia jinsi wapishi wa gari la moshi wanavyoweza kuwalisha abiria wengi katika kijichumba chembamba. Kisha akapanga jiko lenye upana wa mita 1.9 na urefu upatao mita 3.4, kila kitu karibu na mkono. Majiko kama hayo yapatayo 10,000 yalijengwa Frankfurt.

Ernst May mwenyewe si mgeni kwetu kabisa. Alihamia Afrika ya Mashariki mwaka 1934, akalima Tanganyika, kisha akafanya kazi ya kuchora majengo Nairobi, mpaka aliporudi kwao katika miaka ya 1950. Hoteli ya Oceanic iliyojengwa Mombasa ilikuwa kazi yake.

Katika jiko lile la Frankfurt yako mambo mawili ya kutufaa, na moja lisilotufaa. La kwanza, umbali kati ya jiko na meza ya chakula ulipangwa usizidi mita 3 hivi. La pili, mlango wa kati ulikuwa mpana, wa kusukumwa kando, ili mama aweze kuwaona watoto wake wanaocheza chumba cha pili huku akipika. Lisilotufaa ni udogo wake. Jiko lile lilikuwa la mtu mmoja. Mtu wa pili akiingia, wa kwanza hana budi kutoka. Kwetu mama hapiki peke yake. Yuko binti achambuaye mboga, yuko mkwe, yuko jirani aliyekuja kusaidia siku ya arusi au matanga. Basi tuchukue hesabu yake ya hatua, tuuache udogo wake.

Baadaye, katika miaka ya 1940, Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani kilitoa kanuni iliyo rahisi kukumbuka. Fikirini mahali patatu: moto ulipo, maji yalipo, na chakula kibichi kilipowekwa. Ukivuta kamba kutoka pa kwanza hata pa pili, hata pa tatu, na kurudi ulikoanzia, urefu wa kamba usizidi futi 26, yaani karibu mita 8. Kila upande uwe kati ya futi 4 na futi 9. Ukizidi hapo, mpishi anachoka. Ukipungua, watu wanagongana.

MAMBO MANNE KWA TARATIBU YAKE

Mimi sasa nayapanga mambo haya kwa taratibu hii: moto, maji, meza, na njia. Wengi wetu huanza na meza, kwa kuwa meza ndiyo itakayoonwa na wageni. Ni kosa. Anza na moto, kwa kuwa moto ndio wenye hatari na ndio wenye moshi.

Tuchukue mfano wa chumba chenye urefu wa futi 18 na upana wa futi 12. Kina kuta mbili fupi na kuta mbili ndefu. Ukuta mfupi mmoja tuuite ukuta wa moto, na ule uukabilio tuuite ukuta wa meza.

Jiko na likae katikati ya ukuta wa moto, mbali na kila mlango. Simama ukilitazama jiko. Ukuta mrefu ulio upande wako wa kulia uwe ni ule wa uani. Katika ukuta huo, karibu na jiko, weka mahali pa maji: sinki kama bomba liko, au mtungi na karai juu ya meza imara kama bomba haliko. Juu yake pawe na dirisha, ili aoshaye vyombo apate mwanga, na maji machafu yapate njia fupi ya kutoka nje. Ukuta mrefu wa kushoto uwekewe kabati la unga, mchele, chumvi na sufuria. Mpishi akiwa katikati ana moto mbele, maji kulia, chakula kushoto. Hatua mbili au tatu zamfikisha popote.

Sasa pima futi 8 kutoka ukuta wa moto. Hapo jenga kizuizi kama kaunta ya duka, kimo cha kiuno, upana wa futi 2, kikitoka ukuta wa kushoto na kwenda futi 8 kuelekea kulia. Pabaki nafasi ya futi 4 ya kupitia. Kaunta hii ndiyo kiini cha mpango wote. Upande wa ndani mama anakata mboga na kupakua. Akimaliza, aliyeko upande wa pili anapokea na kuweka mezani. Sufuria yenye moto haitembei chumbani tena. Inaepuliwa, inawekwa juu ya kaunta, basi. Katika nafasi ile ya futi 4, wenye watoto wadogo wapachike kilango cha mbao cha kimo cha kifua cha mtoto. Kazi yake seremala aweza kuimaliza kwa siku moja.

Nafasi iliyobaki ni ya meza. Meza ya futi 6 kwa futi 3 yakalisha watu wanane, kwa kuwa kila mlaji ahitaji futi 2 za ubavu wa meza. Upande wa ukuta wa meza weka benchi badala ya viti, maana benchi husukumwa chini ya meza na haliombi nafasi nyuma yake. Meza yenyewe isogezwe kushoto, mbali na ukuta wa uani.

Mwisho ni njia. Mlango wa uani utobolewe katika ukuta wa kulia, mara tu baada ya kaunta, upande wa meza. Mlango wa sebuleni uwe katika ukuta wa meza, kwenye pembe ya kulia. Hapo mtoto aingiaye mbio kutoka uani atapita kando ya ukuta moja kwa moja hata sebuleni, asiukaribie moto hata kidogo. Aletaye maji au kuni naye huingia kwa mlango huo, akageukia upande wa pili, akafika.

Mwenye chumba kidogo asikate tamaa. Hata chumba cha futi 10 kwa 10 chaweza kufuata taratibu hii. Kaunta itakuwa fupi, na pengine hiyo kaunta ndiyo itakuwa meza yenyewe, mpishi upande huu na walaji upande ule. Ukubwa wa chumba si kitu kama njia ya watoto haikati njia ya sufuria.

MOSHI NA HEWA

Yuko atakayesema, "Kula kando ya moto ni kula moshi." Amesema kweli, na tusimpuuze. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba mwaka 2020 moshi wa ndani ya nyumba uliwaua watu milioni 3.2 duniani kote, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 walikuwa hawajatimiza miaka mitano. Moshi ule hauchomi macho tu, bali waingia katika mapafu, na watoto wachanga wabebwao mgongoni mwa mama huuvuta pamoja naye.

Kwa hiyo nasema wazi: mwenye mafiga matatu yasiyo na bomba la moshi asiunganishe jiko na chumba cha kulia. Na aendelee kupikia katika nyumba ya nje mpaka apate jiko jingine. Anayetumia kuni na ajenge jiko la udongo au matofali lililofungwa pande zote, lenye bomba la kuutoa moshi nje hata juu ya paa. Kuni ziwe zimekauka. Kabla ya kuamua ukuta wa moto uwe upi, ulizeni upepo hutoka wapi mara nyingi, kisha mwuweke moto upande ule ambao upepo unaelekea, ili hewa safi ipite kwanza mezani na moshi uende zake, wala si kinyume chake. Madirisha yawe mawili, yakabiliane, ili hewa ipite.

Jiko la makaa lenye kikombe cha udongo ndani yake, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa yanayotumika. Lakini makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu wamelala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, wasiamke. Lisibaki ndani usiku, hata kama baridi ni kali.

Wenye gesi wakumbuke kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja, hushuka sakafuni na kukaa hapo. Dirisha la juu peke yake halitoshi; pawe na tundu la hewa chini ya ukuta, karibu na sakafu. Mtungi usimame wima, na ikiwezekana ukae nje, mpira ukipita ukutani.

KIMO CHA KAZI

Jambo jingine nililolikosa ni kimo. Nilisoma katika kitabu kwamba meza zote za jikoni ziwe na kimo kimoja, nikaandika hivyo katika ramani. Shemeji akajikuta anasonga ugali wa watu wanane juu ya jiko lililofika kiunoni, mwiko ukiwa karibu na kidevu chake. Ugali hausongwi kwa mkono ulioinuliwa. Msongaji huusukuma mwiko kutoka juu kwa nguvu za bega, na kwa hiyo jiko la sufuria kubwa halina budi kuwa chini ya kiuno.

Kwa kazi ya kukata na kuandaa, simama wima, kunja kiwiko, na meza iwe chini ya kiwiko kwa inchi 4 hivi. Kwa kukanda unga, iteremshwe kidogo zaidi. Kwa hiyo usipime kwa kitabu, wala kwa kimo cha fundi. Mpime yule atakayefanya kazi. Na kwa kuwa jiko la chini huwa karibu na mkono wa mtoto, mwaona sasa kwa nini nilisisitiza habari ya kaunta na kilango.

Mafuta ya taa na dawa za kuulia wadudu zisikae kabati moja na chakula, wala zisitiwe katika chupa za soda. Makaa na kuni zikae nje chini ya upenu, zikiletwa ndani kwa kiasi cha mlo mmoja.

SWALI LA MZEE

Nilipoeleza mambo haya mahali pengine, mzee mmoja alisimama akauliza, "Mwanangu, wataka mkwe wangu aje kula jikoni, aone masufuria ya mama mkwe wake?" Watu walicheka, lakini mimi sikucheka, kwa kuwa heshima ya nyumba si jambo la mzaha. Nilimjibu hivi: "Mzee, mkwe ataingia kwa mlango wa sebuleni, akakaa benchi lililo ukutani au sebuleni penyewe kama desturi yataka. Juu ya kaunta twaweza kutundika pazia la kitambaa, likateremshwa wakati wa wageni. Desturi yako haivunjwi. Lakini siku zile ambazo hakuna mgeni, nazo ndizo nyingi katika mwaka, mama yao asile peke yake nyuma ya ukuta." Mzee akaketi, akasema, "Pazia liwe zito." Na mimi nasema vivyo hivyo.

Tena meza hiyo si ya chakula tu. Baada ya vyombo kuondolewa, watoto wataweka madaftari yao hapo, wakafanya hesabu karibu na taa, na mama aliyeko upande wa pili wa kaunta ataweza kuwauliza walichojifunza. Kwa sababu hiyo taa ining'inizwe mahali ambapo itaangaza kaunta na meza pamoja, wala isiwe nyuma ya mpishi, maana atakata vitunguu ndani ya kivuli chake mwenyewe.

MAJIVU KABLA YA MSINGI

Sasa niwaeleze njia tunayoitumia siku hizi kabla ya kuchimba msingi wowote. Haihitaji elimu, wala haihitaji fedha.

Tafuteni mahali tambarare uani. Pigeni vigingi vinne, mvute kamba, mpate ukubwa wa chumba kamili. Halafu mwageni majivu juu ya ardhi kuonyesha kuta, mkiacha nafasi za milango. Mahali pa jiko wekeni mawe. Mahali pa maji wekeni ndoo. Mahali pa kabati wekeni sanduku. Leteni meza na viti halisi, mviweke mahali pake.

Kisha mwiteni yule atakayepika. Mwacheni apike chakula cha uwongo, tangu kuosha mboga hata kupakua, akienda na sufuria tupu mkononi. Watoto waambiwe wacheze kama kawaida yao, waingie na kutoka kwa milango ile ya majivu. Baba na fundi wakae kimya wakitia punje katika bakuli kila watu wanapokatana njia. Mkiona punje ni nyingi, futeni mlango kwa mguu, mchore mwingine. Fanyeni hivyo mara tatu, mara nne, mpaka bakuli liwe karibu tupu. Hapo ndipo fundi achukue sululu.

Huenda baadhi ya waume waliopo hapa waona haya kufanya mchezo kama huo mbele ya majirani. Nawaambia ya kwamba haya ya alasiri moja ni nyepesi. Nimeona aibu iliyo nzito zaidi, nayo ni ya kukaa kwenye benchi la hospitali usiku, mkononi una kiatu kimoja cha mtoto, huku mama yake akikutazama bila kusema neno.

Ramani yangu ya kwanza ndugu yangu hakuitupa. Aliibandika ndani ya mlango wa kabati la unga, na juu yake shemeji amechora kwa makaa mstari mmoja kuonyesha njia aliyopita mtoto. Kila mtu wa ukoo wetu anayetaka kujenga hupelekwa hapo kwanza, akaonyeshwa mstari ule, halafu akapewa kikapu cha punje.